Baruti ya Bei Rahisi na Video Ambayo Sikuipata

Video yangu iliyotazamwa na watu wachache zaidi ni ile ambayo hakuna kitu kililipuka. Ni sekunde 58 za mwanamume wa makamo akimwaga punje nyeusi kwenye nyasi nyuma ya nyumba yake, Kansas, Marekani. Watu 214 wameiona, na nina hakika kumi kati yao ni mamangu akirudia rudia kumwangalia kaka yake.

Lakini hiyo ndiyo video inayonirudia kichwani kila mara. Kwa hivyo leo wacha niwaambie story yake yote, pamoja na ile sehemu ambayo mjinga nilikuwa mimi.

Anko wangu ameishi Kansas miaka 17. Anafanya kazi ya kutunza wazee, zamu za usiku, na bado akipika ugali anausonga hadi unaweza kujengea nyumba. Si mwanajeshi, si jambazi, si wale watu wa sinema. Lakini kila mwaka baridi ikianza huwa anaenda kuwinda kulungu na wazee wa mtaa wake, na friza inajaa nyama hadi Pasaka. Na risasi za kuwindia anazijaza mwenyewe, kwa gereji.

Mara ya kwanza kuniambia hivyo nilifikiri ananipima. Kujaza risasi? Nyumbani? Wasee, mimi nimekulia Umoja. Kwetu ukipatikana tu na risasi moja mfukoni bila leseni, hiyo ni kesi ya kukumaliza ujana. Risasi za Kenya zinatengenezwa na kiwanda cha serikali kule Eldoret, na hakuna mtu anakaa kwa gereji yake Jumamosi akijitengenezea. Kule kwao, sheria inamruhusu mtu kujaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Akitaka kuziuza ndiyo anahitaji leseni. Mimi nilikuwa mgeni wa viza ya kutembea, na mgeni kama huyo kwa kawaida haruhusiwi kushika bunduki wala risasi. Kwa hivyo kazi yangu ilikuwa kukaa kwa kiti cha plastiki, kushika simu, na kurekodi.

Na ni kitu kizuri kutazama, sikudanganyi. Risasi nzima ina vitu vinne. Kuna ganda la shaba. Kuna kiwashio kidogo kinachokaa kwa kitako cha ganda, kile ambacho wazee wa zamani waliita fataki. Kuna baruti ndani. Halafu kuna kichwa chenyewe, kile kinachotoka. Ukishapiga, kichwa kimeenda, baruti imeungua, kiwashio kimekufa, lakini ganda bado liko. Ganda ndilo sehemu ya gharama, kwa hivyo anko analiokota, analisafisha, analirudisha umbo kwa mashine ya mkono, anaweka kiwashio kipya, anapima baruti kwa mizani, anamimina, anashindilia kichwa. Moja baada ya nyingine. Hana redio, hana simu, haongei. Kipimo chao kinaitwa greini, na paundi moja ya baruti ina greini 7,000. Anko akipitisha hata kidogo tu, anamwaga yote na kuanza upya.

Nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo na maduka yamejaa risasi. Akacheka. "Kijana, hukuwa huku 2020."

Mwaka huo wa korona, maduka yalibaki rafu tupu. Watu walinunua kila kitu. Viwashio vilipotea, baruti ikapotea, na vilipoanza kurudi bei ilikuwa imepanda ghorofa na haikurudi pale ilipokuwa. Siku hizi paundi moja ya baruti ya bunduki inaweza kukugharimu zaidi ya dola 40. Kwa mtu wa zamu za usiku mwenye watoto wawili na mkopo wa nyumba, hiyo ni hesabu ya kukaa chini.

Hapo ndipo inaingia baruti kuukuu, ile ya mabaki ya jeshi.

Hii sehemu niliipenda kwa sababu inafanana na sisi. Sisi watu wa Gikomba tunajua vile kitu kilichotupwa na wakubwa kinaweza kuwa maisha ya mtu mwingine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Marekani ilibaki na baruti nyingi kupita kiasi. Vita vimeisha, mizinga imenyamaza, baruti iko tu. Kulikuwa na jamaa mmoja wa huko huko Kansas, Bruce Hodgdon, aliyekuwa ameajiriwa na kampuni ya gesi. Akakopa kwa bima yake ya maisha, akanunua paundi 50,000 za baruti ya jeshi iliyoitwa 4895, ile iliyokuwa ikijazwa kwenye risasi za bunduki za askari. Akaihifadhi ndani ya behewa kuukuu la treni, akaanza kuwauzia wawindaji kwa posta. Kampuni ya jina lake ipo hadi leo. Baadaye akaleta nyingine, 4831, ambayo jeshi lilikuwa limeitumia kwenye mizinga ya milimita 20. Kizazi kizima cha wawindaji wa Marekani kilijifunza kujaza risasi kwa mabaki ya vita, kwa bei ya senti.

Huyo jamaa angezaliwa Nairobi angekuwa na kibanda Gikomba, nawaambia.

Sasa, siku moja jirani wa anko akafariki. Mzee wa miaka themanini na kitu, mwindaji wa zamani. Mkewe akafungua gereji Jumamosi, akapanga vitu mezani, akauza. Huko ni kawaida. Anko akarudi na jeki ya gari, sanduku la ndoano za samaki, na makopo mawili ya baruti. Jumla ya baruti karibu paundi nane. Bei ya makopo yote mawili, dola 25.

Fanya hesabu. Paundi nane kwa bei ya duka ni zaidi ya dola 320. Hiyo ni zaidi ya elfu arobaini za Kenya. Anko alikuwa anatabasamu kama mtu amepata jinsi mpya ya mia mbili.

Mimi nilikuwa natabasamu pia, lakini kwa sababu nyingine. Nilikuwa nimeshaona kichwa cha video: "Anko wangu Mkenya anajaza risasi na baruti ya vita." Hiyo si video ya watu 214. Hiyo ni ile ya kukubadilishia mwaka.

Kopo la kwanza lilikuwa la kiwandani. Lebo yote iko, jina la baruti liko, kifuniko hakijawahi kufunguliwa, na mama alisema lilikaa chini ya nyumba, mahali pa baridi na pakavu. Anko akalifungua nje, akanusa, akamimina kidogo kwenye karatasi nyeupe, akatazama kwa tochi. Harufu ilikuwa ile kali ya spiriti, kama chupa ya kutoa rangi ya kucha. Punje nyeusi, safi, hazina vumbi. Akafungua kitabu cha vipimo, akatafuta jina lile lile lililo kwenye lebo, akaanza na kipimo cha chini kabisa. Wiki hiyo tukaenda uwanja wa shabaha, akapiga chache, kila ganda akiliokota na kulikagua kama daktari. Poa kabisa. Kwa hivyo sitaki mtu aseme hapa kwamba kitu kuukuu ni kibaya kwa sababu ni kuukuu. Baruti ikitunzwa vizuri inakaa miongo mingi.

Shida ilikuwa kopo la pili.

Kopo la pili lilikuwa la kahawa. Kifuniko cha plastiki, na juu yake kipande cha karatasi ya gundi kimeandikwa kwa kalamu: 4831. Basi. Hakuna kingine. Lilikuwa limekaa rafu ya juu ya gereji, chini ya bati, na kiangazi cha Kansas si mchezo, joto linapita digrii 38 nje, sembuse ndani ya gereji iliyofungwa.

Nikamwambia, "Anko, si imeandikwa? 4831. Ile ya mizinga."

Akaniangalia. "4831 gani?"

Kumbe kuna mbili. Ile ya mabaki ya jeshi ndiyo ilikuwa ya kwanza kwa jina hilo. Halafu baadaye kampuni ya Du Pont ikatoa baruti yake mpya, nayo ikaiita 4831. Tofauti kwenye kopo ni herufi tu, moja inaanza na H, nyingine na IMR. Lakini ya Du Pont inaungua haraka zaidi. Ukichukua kipimo cha ile ya polepole ukakijaza na ile ya haraka, unaweza kupitisha presha ambayo bunduki ilijengwa kubeba. Na hata ile ya jeshi yenyewe haikuwa moja. Jeshi linanunua shehena baada ya shehena, kila shehena inaungua tofauti kidogo, na kiwanda cha jeshi kinabadilisha kipimo kulingana na shehena iliyofika. Mtu wa gereji hana maabara hiyo. Ana kopo la kahawa na tarakimu nne.

Anko akaniambia kitu kimoja ambacho sijasahau. Risasi ya bunduki yake inaruhusiwa kufikia presha ya hadi 60,000. Tairi ya gari lake, kwa kipimo hicho hicho, ni karibu 32. "Na hiyo presha," akasema, "inatokea hapa." Akaweka kidole kwenye shavu lake, pale bunduki inapoegemea.

Halafu akafungua kifuniko.

Sikuhitaji kuinama kunusa. Harufu ilikuja yenyewe, chachu, inachoma pua kama siki iliyochanganywa na kitu cha betri. Ndani, kwenye kingo za kopo, kulikuwa na vumbi jekundu kama la kutu. Lakini kopo halikuwa limepata kutu. Hilo vumbi lilikuwa la baruti yenyewe.

Anko akafunika, akalisogeza nje ya gereji, mbali na nyumba, ndipo akanieleza. Baruti ya kisasa inatengenezwa kwa pamba au nyuzi za mti zilizopitishwa kwenye asidi. Kwa miaka, polepole sana, inajioza. Inatoa hewa ya asidi, na hiyo asidi inaharakisha kuoza zaidi. Ndiyo maana viwandani huwekwa dawa ya kumeza hiyo asidi. Lakini dawa ina kipimo chake. Siku ikiisha, hakuna breki tena. Joto likiwa juu, inaisha mapema. Na baruti inayooza inajitengenezea joto. Ikiwa nyingi, mahali pamoja, inaweza kujiwasha bila mtu kuigusa.

Nilienda kusoma hiyo usiku nikidhani anko anatia chumvi. Hakuwa. Ufaransa ndio waliotangulia kuwa na baruti isiyo na moshi, miaka ya 1880, na jeshi la majini lao likaijaza kwenye meli za kivita. Mwaka 1907, bandarini Toulon, meli ya Iéna ikalipuka. Mwaka 1911, bandari ile ile, ikalipuka Liberté, asubuhi, imetia nanga, hakuna vita. Karibu watu 300 walikufa. Lawama iliangukia baruti iliyokuwa imezeeka ndani ya maghala ya meli yenyewe. Hakuna adui aliyekuja.

Lakini wasee, hiyo niliisoma baadaye. Siku ile nilikuwa bado naiona video yangu.

Kwa hivyo nikasema, na naandika hapa ili iwe ushahidi dhidi yangu: "Anko, si ujaribu tu moja? Weka kidogo kabisa. Tufunge bunduki kwenye tairi kuukuu, tuvute kwa kamba tukiwa mbali. Ikilipuka, imelipuka. Hakuna mtu ataumia."

Binamu yangu wa miaka 13 alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Eeh dad, tafadhali!"

Anko hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza, "Na isipolipuka?"

"Si itakuwa sawa?"

"Isipolipuka, nitakuwa nimejua nini?"

Sikuwa na jibu.

Akasema, "Ikilipuka, nimepoteza bunduki, basi. Hiyo ni bora. Isipolipuka ndiyo mbaya. Kwa sababu nitaanza kuiamini. Nitajaza ishirini. Mwezi wa kumi na mbili nitampa huyu moja," akamwonyesha binamu, "ndiyo awinde mara yake ya kwanza. Na bado sitakuwa najua ni nini nimempa."

Binamu akaangalia viatu vyake. Mimi nikaangalia simu yangu. Ilikuwa bado inarekodi.

Anko akapiga simu kwa kampuni ya baruti kuuliza namna ya kuitupa, akaambiwa akiwa na kiasi kidogo anaweza kuitawanya nyembamba kwenye nyasi, kwa sababu ina naitrojeni kama mbolea. Akafanya hivyo jioni, kidogo kidogo, akitembea kwa mstari kama mtu anayepanda mbegu, mbali na moto, na mpira wa maji tayari. Hizo ndizo sekunde 58. Dola zisizopungua mia na hamsini za baruti kwa bei ya duka, zikienda kulisha nyasi. Mtu ambaye nimemwona akikata kuponi za maziwa kwa mkasi. Hakusita hata kidogo.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hiyo sentensi kichwani. Isipolipuka, nitakuwa nimejua nini?

Kwa sababu manze, maisha yetu hapa Nairobi ni hiyo sentensi kila siku. Unajaziwa mtungi wa gesi mahali hapana jina, bei imepungua mia tatu, unapika chai, hakuna kitu kinatokea, unasema ni gesi safi. Hapana. Umejua tu kwamba leo haijalipuka. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mtaa wa Embakasi uliwaka kutokana na gesi iliyokuwa ikijazwa mahali ambapo haikupaswa kujazwa. Watu walikufa, mamia wakaumia, na wengine wao walikuwa nyumbani kwao tu. Ninaamini hapo mahali palikuwa na siku nyingi sana za kabla ya hiyo ambapo hakuna kitu kilitokea. Na kila siku kama hiyo mtu alikuwa anasema, si mnaona?

Unapanda boda haina breki ya mbele, mnafika. Unanunua chaja ya shilingi mia, simu inajaa. Unameza dawa umetolewa kwa karatasi isiyo na jina, kichwa kinaacha kuuma. Kila mara bahati inakuja ikiwa imevaa nguo za ujuzi, na sisi tunaikaribisha kwa sababu imetuokolea mia mbili.

Sisemi msinunue vitu rahisi. Mimi mwenyewe kamera yangu ni ya mkono wa tatu na nguo zangu zote ni mtumba. Anko bado anatumia lile kopo la kwanza, na ni kuukuu kuliko mimi. Tofauti ya makopo mawili haikuwa umri wala bei, maana yalinunuliwa siku moja kwa noti zile zile. Moja lilikuwa na jina lake kamili na unajua limelala wapi. Lingine lilikuwa na tarakimu nne za mtu aliyekufa. Huyo mzee labda alijua vizuri kabisa ni 4831 gani. Lakini alikuwa anajua yeye, na akaondoka nayo.

Na kwa sisi tunaotengeneza video, kuna lingine. Mimi ndiye mtu pekee kwenye ile gereji ambaye mlipuko ungemfaidi. Nilikuwa tayari kukodisha hatari ya watu wengine ili nipate watazamaji, na nikaiita jaribio. Nilikuwa na lugha nzuri kabisa: kamba, tairi, kukaa mbali. Mtoto wa miaka 13 akanisikia na akaunga mkono, kwa sababu mkubwa mwenye kamera ndiye aliyesema. Hiyo ndiyo sehemu inayoniamsha usiku kuliko meli za Ufaransa.

Desemba binamu alienda kuwinda na babake. Alinitumia picha, amevaa lile koti la rangi ya chungwa la wawindaji, pua nyekundu kwa baridi, mikono mitupu. Hakupata kulungu. Nilimuuliza kama alisikitika. Akanijibu kwa sauti, nasikia upepo nyuma yake: "Kidogo. Lakini dad alinifundisha kujaza. Nilipima zangu zote mara mbili. Moja nilimwaga."